Safari ya Butiama na Watoto



Shule zilipofungwa Desemba, sisi akina mama wanne wa hapa Buhare tuliamua kuwapeleka watoto Butiama. Ni aibu kusema, lakini tunakaa jirani miaka yote, wageni wanatoka Ulaya kuja kupaona, na watoto wetu walikuwa wanapajua kwa picha za vitabuni tu. Tulikodi Hiace, tukapakia chapati, samaki wa kukaanga, madumu mawili ya maji na watoto tisa.

Mwenzetu mmoja alikuja shingo upande. Binti yake wa kwanza alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza shule ya bweni, mkoa mwingine. Tangu majina yatoke, mama huyu alikuwa akihangaika kumtafutia nafasi shule ya karibu. Baba anataka aende. Binti mwenyewe yuko katikati, hasemi neno. Tranka la shule lilikwisha nunuliwa, likasukumwa chini ya kitanda.

Njia si ndefu. Ukitoka Musoma unafika Makutano, kwenye barabara kuu iendayo Sirari, kisha unashika njia ya Butiama. Sisi tulipata pancha pale Makutano, na chapati zote zikaisha kabla gurudumu halijafungwa!

Butiama imekaa kilimani, katikati ya mawe makubwa. Mwalimu Nyerere alizaliwa hapa tarehe 13 Aprili 1922, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa kuzikwa nyumbani siku tisa baadaye. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka huohuo. Watoto walikimbilia kutazama vinyago na zawadi za mataifa. Sisi mama zao tulikaa zaidi makaburini, kwa sababu karibu na kaburi la Mwalimu wamelala wazazi wake, Chifu Nyerere Burito na Mama Mugaya wa Nyang'ombe.

Habari za mwana zimeandikwa sana. Za mama yake ni chache. Chifu alikuwa na wake 22, Mugaya akiwa wa tano. Mwaka 1934 mwanawe, mwenye umri wa miaka 12, alipelekwa kusoma Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili 26 kwa miguu. Shule ile watoto wetu wanaijua. Mwaka 1937 akaenda mbali zaidi, Tabora. Wakati ule hapakuwa na simu ya kuuliza kama mtoto amekula.

Mwenzetu akasema, "Yule alikuwa wa kiume."

Tukamkumbusha Mama Maria, mzaliwa wa Baraki, Tarime. Huyo alikuwa binti, naye alilelewa na kusomeshwa na masista Nyegina, kisha akasomea ualimu Sumve, kote huko mbali na mama yake. Mwaka 1953 akafunga ndoa na Mwalimu. Mumewe alipoacha kufundisha mwaka 1955 kwa ajili ya TANU na mshahara ukakoma, alifungua duka dogo Dar es Salaam, nyumba ikaendelea. Masista walimfundisha hesabu, nasi tunaamini hesabu ile iliwalisha watoto.

Mwenzetu hakujibu. Tukamwacha, maana si vizuri kumsonga mtu mbele ya makaburi.

Tukirudi, gari lote limelala, binti yake akasogea kiti cha mbele akamuuliza, "Mama, kama ungekuwa Mama Mugaya, ungenifungia nini cha njiani?"

Mama akafikiri mpaka tukakaribia Bweri. "Viazi," akasema. "Na karanga. Karanga haziharibiki."

Jumamosi iliyofuata tulipita kwao kurudisha dumu la maji. Tranka lilikuwa nje barazani, linafutwa vumbi. Binti alikuwa ameshika kopo la rangi nyeupe, anaandika jina lake juu ya kifuniko, na mama yake amesimama nyuma anamwelekeza herufi zisipinde.