Picha za Auschwitz: Mali ya msanii au ushahidi wa historia?

MSANII Dina Gottliebova Babbitt alifariki dunia Julai 2009 huko California, Marekani, akiwa na umri wa miaka 86, bila kurejeshewa picha saba zilizookoa maisha yake. Picha hizo zimebaki Poland, katika Makumbusho ya Auschwitz-Birkenau.

Babbitt, Myahudi kutoka Czechoslovakia, alifikishwa katika kambi hiyo ya mateso mwaka 1943 pamoja na mama yake. Humo, katika banda la watoto, alichora ukutani hadithi ya Snow White ili kuwaliwaza. Habari za kipaji chake zikamfikia Josef Mengele, daktari wa Wanazi aliyewafanyia wafungwa majaribio ya kikatili. Mengele alikuwa akiwapiga picha Waroma, lakini kamera haikumpa rangi ya ngozi kama alivyoitaka kwa nadharia zake za ubaguzi. Akamwamuru binti huyo achore kwa rangi za maji. Binti akatoa sharti moja: mama yake naye asiuawe.

Machi 1944, Wayahudi wapatao 3,800 wa sehemu yao ya kambi waliuawa kwa gesi katika usiku mmoja. Wawili hao waliachwa. Agosti 2 mwaka huohuo ikawa zamu ya Waroma: zaidi ya 4,000 waliosalia kambini waliangamizwa.

Mwaka 1973 makumbusho yalimwita Babbitt azitambue picha hizo. Alikwenda akiamini angeondoka nazo. Akarudi mikono mitupu. Makumbusho yalishikilia kwamba picha ni ushahidi wa uhalifu. Hata Bunge la Marekani lilipomuunga mkono, msimamo huo haukubadilika.

Hofu ya makumbusho si ya bure. Mwaka 2005 Mfaransa mmoja alilitambua sanduku la baba yake katika maonyesho mjini Paris, akaenda mahakamani. Kila kiatu na kila sanduku likidaiwa, Auschwitz itabaki na nini cha kuwaonyesha wanaokana mauaji hayo?

Hata hivyo, picha si kiatu. Hizi zina saini yake na mwaka, 1944, na kuziita nyaraka za Mengele ni kumpa muuaji haki asiyostahili.

Lakini wapo pia waliochorwa, ambao katika mabishano haya hutajwa mwisho. Mashirika ya Waroma yalipinga picha hizo kuondolewa Auschwitz. Mmoja wa waliochorwa ni mwanamke kijana mwenye kitambaa cha buluu kichwani, uso umejaa huzuni. Ndugu zake hawana kaburi la kuzuru.