Mwenye presha, chumvi ya piza imo ndani ya unga

Hapana shaka umeona jinsi hoteli za piza zinavyozidi kufunguliwa jijini Nairobi. Majuzi nilialikwa na shemeji yangu katika hoteli mpya inayopika piza kwa mtindo wa Napoli, mji wa bandari ulio kusini mwa Italia. Chakula kilikuwa kitamu, wala sisemi vinginevyo. Tanuri la kuni la mtindo huo huwa na joto la karibu digrii 485, na piza huiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu. (Mteja wa meza ya pili aliirudisha yake akidai imeungua. Madoa yale meusi ya pembeni ndiyo desturi yenyewe.)

Kilichonishughulisha ni shemeji. Yeye ana shinikizo la damu na humeza dawa kila siku. Kabla ya kula alikisukuma kando kichupa cha chumvi, akaniambia kwa fahari, "Daktari, unaona? Siku hizi mimi siongezi chumvi." Kisha akaimaliza piza nzima peke yake.

Hebu tupige hesabu. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliiandikisha piza ya Napoli kuwa chakula cha jadi, na vipimo vyake vikaandikwa. Lita moja ya maji hutiwa gramu 50 hadi 55 za chumvi, kisha unga wa ngano wa kilo 1.8 hivi na hamira kidogo. Donge la piza moja huwa na gramu 180 hadi 250. Ukigawanya, utapata kwamba donge la gramu 250 lina zaidi ya gramu 4 za chumvi, kabla hata ya jibini, zeituni na soseji. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Na shemeji alikuwa amekula mkate na mayai asubuhi!

Aghalabu wagonjwa wangu huniuliza juu ya mafuta. Ni vyema, lakini chumvi ndiyo inayozuia maji mwilini, damu ikaongezeka wingi na kuibana mishipa. Miaka ikipita, ubongo, moyo na figo ndivyo vinavyoumia. Usidhani nasema na shemeji peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Wapo wanaosema kwamba donge hili huachwa liumuke kwa saa nyingi, hivyo ni jepesi na halina neno. Tumboni huenda likawa jepesi, lakini chumvi haipungui kwa kuumuka. Wala haisaidii kumwomba mpishi apunguze, kama tunavyofanya kwa chipsi. Donge lilikandwa kitambo kabla hujafika. Unaweza kukataa zeituni na soseji, ila iliyo ndani ya unga huwezi kuitoa. Lililo mikononi mwako ni kiasi utakachokula.

Na hapo ndipo tunapojiponza. Piza tulizozoea hukatwa vipande, watu wakala pamoja. Ya Napoli huletwa nzima, kila mtu na yake, nasi huona uchungu kuibakisha kwa kuwa tumeilipia. Kwa maoni yangu, mwenye presha aagize moja ale na mwenzake, pamoja na kachumbari isiyotiwa chumvi. Wenye hoteli nao waandike kiasi cha chumvi kando ya bei. Na tafadhali, usimeze tembe mbili usiku huo ukidhani unafidia. Dawa ya presha haitumiwi hivyo, na nimewahi kuwapokea walioanguka bafuni kwa sababu hiyo.

Wiki iliyopita tulirudi hoteli ile ile, nikaagiza piza moja ya watu wawili. Mhudumu alitutazama kwa huruma, kama watu walioishiwa kabla ya mwisho wa mwezi, kisha akaleta sahani ya pili. Shemeji alikula nusu yake, akaanza kuikodolea macho nusu yangu.