Risala ya Familia Zinazouguza Wazazi Waliopooza, Pwani ya Kilwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa wilaya, masheikh wetu, wazee na ndugu wananchi.

Tunaowasilisha risala hii ni wake na watoto wa watu waliopooza kwa kiharusi, kutoka Kivinje, Masoko, Somanga na Songo Songo. Wenzangu wamenituma nianze na yaliyotupata nyumbani kwetu, kwa kuwa yanafanana na yao.

Baba yangu alikuwa nahodha wa mashua. Alfajiri moja kule Songo Songo aliinuka kwenda kutawadha, kopo likamponyoka, mdomo ukaenda upande, maneno yakamkwama. Alikuwa na miaka 54. Majirani wakasema ni jini wa baharini, mama akaagiza kombe. Simlaumu mama, maana hakuna aliyewahi kutufundisha dalili za kiharusi, wala baba hakuwahi kupimwa presha. Tulipoamua kuvuka, maji yalikuwa yametoka, mashua imekaa mchangani. Bara tulifika jioni. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba si mshipa uliopasuka. Kwa mtu wa kisiwani, muda huo huisha angali anangoja maji yajae.

Wiki ya tatu aliruhusiwa. Tulipewa vidonge vya presha na agizo moja: mfanyisheni mazoezi. Mazoezi gani, mara ngapi, mkono ushikwe wapi, hatukuelezwa. Kila asubuhi tulimvuta mkono uliopooza ili kumwinua, kumbe tunalitegua bega. Mashua tukaiuza. Mdogo wangu wa kike, kidato cha pili, akaacha shule amlinde baba ili mama aende kuuza pweza. Kiti cha magurudumu tulichochangiwa kinazama mchangani hatua tatu kutoka mlangoni, na baba hajatoka nje ya ua tangu Ramadhani.

Lakini linalotuuma kuliko yote, Mheshimiwa, ni kwamba baba bado anaitwa mgonjwa. Mgonjwa husubiriwa apone. Miaka minne imepita hajapona, na kwa kuwa haitwi mlemavu, jina lake halimo kwenye daftari lolote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, haikuandikwa kwa waliozaliwa na ulemavu peke yao. Hata hivyo asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kuwakopesha watu wenye ulemavu, inampita. Msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza huanzia miaka 60. Yeye ana 58, nao unampita.

Kwa hiyo tunadai, na neno hilo tumelichagua kwa makusudi. Waliopooza waandikishwe kuwa watu wenye ulemavu, kijiji kwa kijiji, na familia zao zifikiwe na mikopo hiyo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo azungukie zahanati zetu, visiwani pia, hata mara moja kwa mwezi, awafundishe wanaouguza namna ya kumwinua, kumgeuza na kumlisha mtu bila kumuumiza. Visiwa vipatiwe boti ya wagonjwa yenye injini na mafuta yake, isiyolazimika kungoja maji. Presha ipimwe madikoni, na misikitini baada ya swala ya Ijumaa, maana wavuvi hawaendi zahanati mpaka waanguke.

Kuhusu mabinti walioacha masomo: tangu Novemba 2021 serikali imewafungulia mlango wa kurudi. Mdogo wangu anataka kurudi. Hawezi, mpaka apatikane wa kukaa na baba mchana. Tunaomba ustawi wa jamii ulishughulikie hili kwanza, kwa sababu miaka yake ya shule inapita.

Majina ya wazazi wetu tumeyaandika kwa mkono, yamo ndani ya bahasha hii. Tunakuomba uyapokee leo, na umkabidhi afisa ustawi wa jamii hapa hapa mbele yetu.

Tunaomba kuwasilisha.