Taa ni ya watu, jua ni la mboga

Ndugu wasomaji wa Butembo, Lubero na Beni, nanyi mnaotusikiliza redioni, hasa ninyi mliotoka Kanyabayonga, Kirumba, Kaseghe na Alimbongo, na ninyi mliokimbia vijiji vya Bapere: leo tuzungumze juu ya taa.

Kwenye simu zetu zinapita picha za taa za LED zenye mwanga wa zambarau, zikimulika mboga za majani ndani ya chumba. Matangazo yanasema: huna shamba, huna kiwanja, usijali, nunua taa, panda chumbani, ule. Mtu aliyeacha shamba lake mikononi mwa watu wenye silaha akisikia hivyo, moyo unaruka. Na wapo watu wenye nia njema wanaouliza kama mradi wa namna hiyo haungefaa kwa familia zilizohama. Jibu letu ni hapana. Haufai hapa, na franga zitakazotumika huko zitakuwa zimetolewa mdomoni mwa watoto. Tutaeleza kwa nini, kwa hesabu, ili yeyote atakayekuja na taa hizo mumuulize maswali.

Kwanza, tujue taa hizi zilitengenezwa kwa ajili ya nani. Kule Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi karibu miezi miwili ya baridi kali. Mtu wa huko akitaka saladi mbichi katika giza hilo, ana sababu ya kuwasha taa. Katika kituo cha anga, wanaanga walikula saladi iliyooteshwa kwa taa za LED mwezi wa nane mwaka 2015. Nao wana sababu, maana huko juu hakuna udongo wala kiwanja. Kila mmoja wao ananunua kile anachokosa.

Sisi tunakosa nini? Mstari wa ikweta unapita ndani ya wilaya ya Lubero. Mwaka mzima jua linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni. Kitu kimoja ambacho vita havijatunyang'anya ni hicho. Tumekosa mashamba, tumekosa barabara salama, tumekosa mbegu na majembe. Mwanga wa mchana hatujaukosa hata siku moja. Kumuuzia mtu wa Lubero mwanga wa kuoteshea mboga ni kumulikia jua tochi.

Sasa hesabu. Mwanga ambao jani linaweza kuutumia unapimwa kwa mikromoli. Saa sita mchana, anga likiwa wazi, jua linashusha kama mikromoli 2,000 kwa sekunde juu ya kila mita moja ya mraba. Taa ndogo za bei rahisi mara nyingi hazifikii hata sehemu moja ya kumi ya hapo. Tunajua kwamba Lubero kuna ukungu wa asubuhi na kwamba miezi ya mvua mawingu hayatoki. Lakini hata siku ya mawingu, mwanga wa nje mara nyingi unaishinda taa ya namna hiyo.

Mboga ya majani inahitaji kama moli 12 za mwanga kwa siku kwenye mita moja ya mraba ili ikue vizuri. Taa nzuri sana ya LED inatoa kama mikromoli 2.5 kwa kila juli ya umeme. Ukigawanya, unapata kilowati saa 1.3 kila siku kwa eneo la ukubwa wa meza. Paneli ya jua ya wati 50, kama zile tunazoziona juu ya mapaa yetu, kwa siku ya wastani inaleta kama wati saa 200. Kwa hiyo meza moja ya mboga inataka paneli sita au saba, kabla ya kuhesabu kinachopotelea kwenye batri. Familia yenye paneli saba haingekuwa imelala chini ya bashi.

Angalieni pia kichekesho kilichomo ndani yake. Paneli inakamata jua juu ya paa na kugeuza kama sehemu moja ya tano tu kuwa umeme. Batri inakula sehemu yake. Taa inageuza kama nusu ya kilichobaki kuwa mwanga. Katika sehemu kumi za nguvu za jua zilizopiga paa, haifiki hata moja kwenye jani. Na jani lenyewe lingetolewa nje ya mlango, lingepata jua bila mtu wa kati.

Kwa wale wenye umeme wa waya, hesabu haiwi nzuri zaidi. Ndiyo, mto Luviro una mtambo wake wa umeme katika wilaya yetu, lakini nyumba nyingi, na kambi karibu zote, waya haujazifikia. Na hata pale ulipofika, tuchukue mfano wa senti 20 za dola kwa kilowati saa moja. Kwa mwezi mita hiyo moja inakula kama kilowati saa 40, yaani dola 8. Kwa dola 8 mama akienda sokoni anarudi na lengalenga, sombe na shu nyingi kuliko zile ambazo meza hiyo ingemzalia mwezi mzima. Na bado hatujahesabu bei ya taa yenyewe.

Mtu asiseme tunazungumza hivi kwa sababu ya umaskini wetu. Marekani, kampuni ya AeroFarms, iliyokuwa inaotesha mboga ndani ya majengo kwa taa za LED, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi wa sita mwaka 2023. Kampuni ya Bowery Farming, ya biashara hiyo hiyo, ilifunga milango mwezi wa kumi na moja mwaka 2024. Wale walikuwa na mamilioni ya dola, wahandisi na umeme usiozimika. Kama wao imewashinda, mama mwenye chumba kimoja cha kuazima ataiweza kwa miujiza gani?

Hatusemi taa hizi ni uongo. Zina kazi yake. Ule ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliotambuliwa Masisi mwaka 2001 ulitufundisha umuhimu wa miche safi. Maabara kama ile ya Kawanda, karibu na Kampala, huotesha miche midogo ya migomba ndani ya chupa, kwenye vyumba vyenye taa. Hapo rafu moja ndogo inazaa miche ya kujaza mashamba mengi, na gharama ya taa inagawanyika. Shule ya kilimo au maabara ya hapa kwetu ikitaka taa za kazi hiyo, tutaiunga mkono. Lakini wachague kwa macho wazi, maana soko limejaa udanganyifu.

Usiamini wati zilizoandikwa kwenye karatasi ya boksi. Taa inaandikwa 1,000, ukiipima inakula 100. Uliza wati inazokula kweli, na mwombe muuzaji aiunganishe kwenye kipimo cha umeme mbele yako. Akikuonyesha lumeni, mwambie lumeni ni kipimo cha jicho la mtu, si cha jani. Uliza mikromoli ngapi kwa kila juli: chini ya 2, iache. Chagua mwanga mweupe kuliko wa zambarau, kwa sababu chini ya zambarau huwezi kuona jani linaloanza kuwa manjano wala doa la ugonjwa. Angalia kama inavumilia umeme unaopanda na kushuka, kama wetu. Na usiitundike kamwe karibu na bashi au nyasi kavu: nyaya mbovu kwenye unyevu na plastiki ni moto unaosubiri kuwaka. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali haya anauza rangi tu.

Kwa familia, njia iko, na haihitaji waya. Mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kusaidia familia za Kibera, jijini Nairobi, kupanda mboga ndani ya magunia. Kibera ni mahali ambapo nyumba zimegusana na kiwanja ni ndoto. Kama ilipita pale, itapita Butembo.

Chukua gunia. Weka katikati kopo kubwa lisilo na kitako, ulijaze mawe madogo. Kuzunguka kopo weka udongo uliochanganywa na mbolea ya mbuzi, ya kuku au ya takataka zilizooza. Vuta kopo juu, jaza tena, mpaka gunia lijae: katikati inabaki nguzo ya mawe ya kupitishia maji. Toboa matundu ubavuni, ukiacha nafasi ya kiganja kati yake, upande lengalenga na shu. Juu panda kitunguu au puaro. Udongo usiuchimbe karibu na choo wala karibu na gereji. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanatosha kumwagilia siku nyingi. Baada ya kama mwezi mmoja unaanza kukata majani ya lengalenga, na ukikata bila kung'oa, yanarudi.

Hapa ndipo kuchagua mwanga kunapoanza kweli, na hakuna bei. Kwa kuwa tuko kwenye ikweta, jua linahama. Mwezi wa sita linapita upande wa kaskazini wa nyumba, mwezi wa kumi na mbili upande wa kusini, na mwezi wa tatu na wa tisa linapita juu ya kichwa. Kwa hiyo ukuta ulio na kivuli leo utapata jua baada ya miezi michache. Gunia dogo au beseni lililotoboka linahamishwa kwa mikono miwili. Mboga za majani zikipata saa nne au tano za jua kwa siku zinakutosha kwa sufuria.

Tunajua mtatuuliza: na sisi tuliobanana familia tatu katika chumba kimoja, bila hata upenu? Na mbuzi? Na wezi? Ni maswali ya haki. Lakini angalieni yanadai nini: kiwanja kidogo, uzio na mtu wa kulinda. Shule zina viwanja, parokia zina viwanja, machifu wanajua ni parsele gani hazijajengwa. Magunia thelathini kwenye uwanja mmoja uliozungushiwa miti, na zamu ya kulinda, ni kazi ya wiki moja kwa watu waliozoea jembe. Lifanyike kwa makubaliano yaliyoandikwa na mwenye parsele, ili asije kuwafukuza siku mboga zikikomaa.

Hata ndani ya nyumba, mwanga wa bure una kazi. Wakulima wa viazi mviringo wa milima yetu wasikilize: mbegu ya viazi ikifichwa gizani inatoa miche mirefu, meupe, inayokatika ukiigusa. Ipange kwenye rafu ya mianzi au ya mbao, tabaka mbili au tatu tu, karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa mchana lakini jua halipigi moja kwa moja. Miche itatoka mifupi, minene na yenye nguvu. Viazi hivyo vikigeuka kijani ni vya kupanda, msivipike, kijani hicho kinaambatana na sumu. Aliyekimbia na kikapu cha mbegu anaweza kuitunza hivyo hadi apate pa kuipanda, bila taa ya zambarau.

Kwa hiyo ombi letu kwa mashirika na kwa viongozi ni fupi. Mkiwa na franga za taa, leteni taa za watu: taa ndogo ya jua ya kumwangazia mkunga usiku, mtoto anayerudia masomo yake, mama anayekwenda chooni gizani akiogopa. Wati chache tu zinaleta heshima kubwa kuliko zambarau yote ya dunia. Na mkiwa na franga za mboga, leteni magunia, mbegu, mbolea na kiwanja.

Na jambo moja la mwisho, ambalo taa haiwezi kulificha. Waliohama si watu wasiojua kulima. Ndio waliolisha masoko ya Butembo na Goma kwa maharage, shu na viazi. Mradi unaomfundisha mkulima wa Kirumba kuotesha majani manne chini ya balbu unatuambia, kwa sauti ya upole, kwamba tuzoee kuishi chumbani. Hatutazoea. Gunia ni la kuvukia njaa ya leo. Dai lenyewe linabaki palepale: usalama, barabara, na kila mtu kurudi shambani kwake, ambako jua linamngojea kila siku saa kumi na mbili asubuhi.