Mshahara wa Mwalimu wa Zaire Ulikwenda Wapi?

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi mwaka 2019, Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, mtoto wa nchi hiyo alipokwenda shule alichukua, pamoja na daftari lake, fedha za kumlipa mwalimu wake. Asiyekuwa nazo alirudishwa nyumbani. Mwalimu aliyemrudisha hakuwa katili. Naye alikuwa na watoto wa kulisha, na Serikali iliyomwajiri ama haikumlipa kabisa, ama ilimlipa kiasi kisichoweza kumfikisha katikati ya mwezi.

Husemwa mara nyingi kwamba mambo hayo yaliletwa na vita na umaskini. Lakini vita ilianza mwaka 1996, na wakati huo mshahara wa mwalimu ulikuwa umekwisha kufa zamani. Wala nchi ile haikuwa maskini. Katikati ya miaka ya 1980 shirika lake la madini, Gécamines, lilikuwa likitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kila mwaka, mbali ya kobalti na almasi. Mshahara ule uliliwa. Na kabla haujaliwa palitangulia jambo ambalo wataalamu wa fedha hawakulipa uzito uliostahili, nalo ni kiburi cha watawala.

Joseph-Désiré Mobutu, mtoto wa mpishi, aliyekuwa sajini katika jeshi la Wabelgiji na baadaye mwandishi wa habari, alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Haifai kuficha kwamba wananchi wengi walimpokea kwa furaha, maana walikuwa wamechoshwa na miaka mitano ya maasi na majimbo kujitenga. Waliokumbuka mkono wake katika kuangushwa kwa Patrice Lumumba walinyamaza. Mwezi Juni 1966 aliwanyonga hadharani mjini Kinshasa watu wanne waliopata kuwa mawaziri, mmoja wao Evariste Kimba aliyepata kuwa Waziri Mkuu, mbele ya umati mkubwa wa watu. Baada ya siku ile mtumishi wa Serikali hakuhitaji kufafanuliwa mipaka ya kusema kwake.

Kisha ukaja utukufu. Nchi ilipewa jina la Zaire mwaka 1971, na mwaka uliofuata Rais akajiita Mobutu Sese Seko kwa jina refu ambalo makarani walilazimika kulikariri. Katiba ya mwaka 1974 ilikifanya chama cha MPR kuwa ndicho taasisi pekee ya nchi, na Mwenyekiti wake akawa mkuu wa chama, wa Serikali, wa Bunge na wa mahakama kwa pamoja; mawazo yake yakatangazwa kuwa itikadi ya taifa, ikaitwa Umobutu. Kila jioni taarifa ya habari ya televisheni ilianza kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni. Waziri wake mmoja alimfananisha na mtume. Mwaka 1975, kwa majuma kadhaa, vyombo vya habari vilikatazwa kutaja jina la kiongozi yeyote isipokuwa lake, hata wakuu wengine wote wakatajwa kwa vyeo vyao tu.

Mambo hayo ya mawingu na majina yaweza kuonekana kuwa ni ya kuchekesha, na ni kweli wageni wengi waliyacheka. Mhasibu wa wizara hakucheka. Kazi ya mhasibu ni kuuliza hati ya malipo iko wapi na nani ameidhinisha. Sasa ikiwa mtu mmoja ndiye Serikali, ndiye Bunge na ndiye mahakama, mhasibu amuulize nani? Akidai stakabadhi kwa fedha zilizochukuliwa na Ikulu, atakuwa anaidai Serikali ijieleze kwa Serikali. Na akishikilia ataonekana haini. Hivyo ndivyo wizi ulivyopoteza jina lake katika Zaire. Ulianza kuitwa mahitaji ya Rais.

Jaribio la kwanza kubwa lilifanyika tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zingetwaliwa. Kwa nchi iliyonyonywa na Wabelgiji tangu enzi za Mfalme Leopold, hilo lilikuwa dai la haki kabisa. Lakini mali zilipotoka mikononi mwa wageni hazikwenda kwa umma. Ziligawiwa kwa watu: wakubwa wa chama, wabunge, maofisa na jamaa zao, na Mobutu mwenyewe akajipatia mashamba makubwa ya kutosha kuunda kampuni. Wengi wa waliogawiwa maduka waliuza bidhaa zilizokuwamo, wakatia fedha mfukoni, wala hawakuagiza nyingine. Wateja walibaki wakitazama rafu tupu. Bei ya shaba nayo ilikuwa imeanguka katika soko la dunia, na kufikia mwaka 1976 Serikali ile ile iliyojigamba ilikuwa ikiwaita wageni warudi kuchukua mali zao. Hakuna aliyeshtakiwa.

Mwaka huo huo wa 1976 Mobutu aliuhutubia umma akasema jambo lisilopata kusahauliwa: kwamba mwenye kutaka kuiba na aibe kidogo kidogo, kwa akili, asiibe mno kwa siku moja. Tarehe 25 Novemba 1977 aligeuza maneno. Safari hii aliukemea ugonjwa wa Zaire, akalalamika kwamba katika nchi yake kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa. Alisema kama mgeni aliyefika jana, na chama kikampigia makofi kama kilivyompigia mara ya kwanza.

Huku chini, maofisini na madarasani, mafundisho ya mwaka 1976 ndiyo yaliyofuatwa. Watu walikuwa na mzaha wa zamani juu ya Kifungu cha 15, kifungu ambacho hakimo katika katiba ya Zaire, kisemacho kwamba kila mtu ajitafutie mwenyewe. Mzaha huo ukawa ndio kanuni ya utumishi. Karani hakugonga muhuri mpaka apewe kitu. Hakimu alisikiliza upande wenye mkono mzito. Askari alisimamisha magari ili ale. Na mwalimu, ambaye hana muhuri wala bunduki, aliuza alichokuwa nacho, yaani alama za mtihani. Kuwalaumu watu hao peke yao ni rahisi mno. Mtumishi asiyelipwa na ambaye hata hivyo haachishwi kazi amepewa leseni ya kula raia, na watawala wa Zaire walilijua hilo vizuri. Mtumishi mwenye hatia hana ujasiri wa kumhoji mkubwa wake.

Yupo aliyejaribu kuhesabu. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimpeleka Mjerumani Erwin Blumenthal kushika usukani wa Benki Kuu ya Zaire. Alikaa karibu mwaka mmoja. Katika taarifa yake, iliyojulikana hadharani mwaka 1982, alieleza jinsi ilivyokuwa vigumu kutenganisha fedha za Serikali na matumizi binafsi ya Rais na watu wake, akawaonya waliokopesha kwamba chini ya utaratibu ule wasitumaini kulipwa. Onyo hilo lilisomwa katika miji mikuu ya nchi za magharibi. Mwezi Agosti 1983 Mobutu alikaribishwa na Rais Reagan katika Ikulu ya Marekani, na mwaka 1989 na Rais Bush. Mabeberu walijua hesabu zote, ila walimhitaji mlinzi dhidi ya ukomunisti, na waliona gharama yake ni nafuu kwa kuwa waliolipa walikuwa watoto wa shule wa Kivu na Kasai.

Wazalendo nao walijaribu. Mwishoni mwa mwaka 1980 wabunge 13, miongoni mwao Etienne Tshisekedi, walimwandikia Mobutu barua ya wazi ya kurasa zaidi ya 50 wakieleza maovu ya utawala wake. Walifukuzwa Bungeni na kufungwa. Wengine alitumia nao njia ya utamu. Nguza Karl-i-Bond, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alihukumiwa kifo mwaka 1977 kwa kosa la uhaini, akasamehewa, mwaka 1980 akafanywa Waziri Mkuu. Mwaka 1981 alikimbilia uhamishoni, akatoa ushahidi mbele ya wabunge wa Marekani juu ya mali alizojilimbikizia Mobutu, akaandika na kitabu. Mwaka 1985 alirejea nyumbani, na mwaka uliofuata akawa balozi katika Marekani hiyo hiyo. Mobutu hakuhitaji kumwua. Mtu aliyesema ukweli kisha akaurudia mlo alimfaa zaidi akiwa hai, ili kila mtumishi amwone.

Wakati huo kijijini Gbadolite, kaskazini kabisa mwa nchi, palijengwa majumba ya marumaru na uwanja wenye njia ya kutosha kutua ndege ya Concorde. Njia ya umeme ya takriban kilometa 1,700 ilivutwa kutoka Inga hadi Shaba, ikapita juu ya vijiji vilivyoendelea kuwasha vibatari.

Mwisho wake ulianzia kwa askari, maana mtumishi asiyelipwa mwenye bunduki hafanani na mwalimu. Mwezi Septemba 1991 walipora Kinshasa. Mwezi Januari 1993 walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walizikataa, wakapora tena. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Katika miaka hiyo ndipo wazazi walipoanza kumlipa mwalimu, kwa kuwa vinginevyo shule zingefungwa.

Mobutu alikimbia Kinshasa mwezi Mei 1997, akafia Morocco tarehe 7 Septemba mwaka huo. Vita vilivyomwondoa vilikuwa vimekwisha kuwavusha Ziwa Tanganyika maelfu ya raia wake, wakapokewa Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Uswisi ilizuia mali zake zilizopatikana katika benki zake, zipatazo faranga milioni 7.7, zisubiri kudaiwa na wenye nchi. Ilisubiri miaka 12. Mashtaka yaliyotakiwa yalichelewa mno kufunguliwa, na mwaka 2009 fedha hizo zilirudishwa kwa warithi wake. Mwanawe mmoja, Nzanga, alikuwa wakati huo Naibu Waziri Mkuu katika Serikali ya Kinshasa. Na mwalimu bado alikuwa akilipwa na wazazi wa wanafunzi wake.