MWAJIRI AKIFILISIKA, WAKILI WA SERIKALI AWE AMESOMA

Ndugu Wafanyi Kazi,

Kuna maneno yasemwayo katika karakana na katika hoteli za chai, kwamba kufilisika ni jambo la matajiri. "Mimi sina kampuni, nitafilisikaje?" Yako na maneno mengine yasemwayo na wakubwa maofisini, kwamba kuwasomesha mawakili wa Serikali sheria ya kufilisika ni kuharibu fedha za kodi, maana mawakili wa kukodi wamejaa tele Nairobi. Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, na yote mawili hayana kweli.

Sisi twasema hivi. Kampuni ikianguka, wa kwanza kulala njaa ni mfanyi kazi. Na aliyewekwa na sheria kuangalia kwamba mali iliyobaki yagawanywa kwa haki ni mtumishi wa Serikali. Mtumishi huyo akiwa hakufundishwa kazi yake, haki yetu itabaki katika karatasi. Hakuna mtu wa reli atakayekubali treni ya mizigo iteremshwe kutoka Limuru kwenda Naivasha na mtu asiyejua breki. Kwa nini basi tukubali mishahara ya watu elfu ishikwe na mtu asiyejua sheria yake?

SI JAMBO LA MBALI

Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009, na mji ukasimama nacho. Nakumatt, iliyokuwa na maduka Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Kampuni ya simenti ya ARM iliwekwa chini ya wasimamizi Agosti 2018. Septemba 2019 banki ya KCB ikaweka mtu wa kupokea na kusimamia mali ya Kampuni ya Sukari ya Mumias, na kesi zikafuatana mahakamani miaka iliyofuata. Karatasi, maduka, simenti, sukari. Watu walioamka asubuhi wakiwa wafanyi kazi walilala jioni wakiwa wadai.

Na sisi wa reli tusijidanganye kwamba chuma hakifilisiki. Mwaka 2006 kazi ya kuendesha treni ilitolewa kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2017 mkataba huo ukavunjwa, hata nusu ya miaka yake haijatimia. Reli ilibaki pale pale, lakini mwenye kutia sahihi mishahara alibadilika mara mbili. Tena siku hizi ulinzi, usafi na upakiaji wa mizigo mara nyingi hupewa makontrakta. Kontrakta akianguka, mlinzi wake atakwenda kudai kwa nani?

FOLENI YA WADAI

Kwa miaka mingi nchi hii ilitumia sheria ya muflisi iliyotungwa mwaka 1930, na makampuni yakafungwa kwa sheria nyingine. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kufilisika, iliyokusanya mambo ya watu na ya makampuni mahali pamoja. Sheria hiyo ilileta kitu kizuri ambacho hatukuwa nacho: kampuni iliyo mgonjwa yaweza kupewa msimamizi, ambaye kazi yake ya kwanza ni kujaribu kuiponya, si kuizika. Kwa mfanyi kazi, kampuni iliyopona ni bora kuliko kampuni iliyogawanywa vizuri.

Lakini isipopona, wadai hupanga foleni. Mwenye rehani ya kitu maalumu, kama banki iliyoshika kiwanja na jengo, hukichukua kitu chake. Katika mali inayobaki, la kwanza kulipwa ni gharama za kazi ya kufilisi yenyewe. La pili ni letu: mishahara ya miezi minne ya mwisho, fedha za likizo, fidia ya kupunguzwa kazini, na zile fedha ambazo mwajiri alikata katika mshahara wetu ili azipeleke kwingine, kama malipo ya mkopo wa SACCO. Sheria ya 2015 iliweka mpaka wa shilingi 200,000 kwa kila mfanyi kazi. Fedha zinazozidi hapo hurudi nyuma ya foleni pamoja na wadai wa kawaida. La tatu ni kodi za Serikali. Mwisho kabisa ni wenye hisa.

Mtu akisoma hivi atasema, "Basi sisi ni wa pili, tumshukuru Mungu." Ngoja kwanza. Kuwa wa pili katika foleni si kitu kama sufuria imekwisha kukombwa kabla ya zamu yako. Na hapo ndipo anapotakiwa wakili aliyesoma.

MAMBO MANNE YANAYOTUPITA

La kwanza ni rehani. Wakili wa banki akisimama husema kila kitu ni cha banki: jengo, mashine, sukari iliyo ghalani, hata madeni ambayo wateja hawajalipa. Lakini rehani si za namna moja. Iko rehani ya kitu kimoja kinachojulikana, na iko rehani inayoelea juu ya mali ingiayo na kutoka kila siku, kama bidhaa za ghala. Mbele ya rehani hii inayoelea, mishahara yetu hutangulia. Tena rehani ambayo haikuandikishwa kwa wakati wake haina nguvu mbele ya mfilisi. Wakili wa Serikali aliyefundishwa atauliza: rehani hii ni ya namna gani, na iliandikishwa lini? Asiyefundishwa atatikisa kichwa na kuondoka, na ghala litakwenda.

La pili ni mali iliyofichwa. Kampuni haianguki siku moja. Mara nyingi wakubwa huona mapema, wakaanza kuuza malori kwa bei ya bure kwa shemeji, au kumlipa rafiki mmoja na kuwaacha wadai wengine. Sheria yawapa mfilisi na mahakama nguvu ya kuyarudisha mambo hayo nyuma. Lakini lazima awepo mtu anayejua kusoma daftari za hesabu na kuuliza lori lilikwenda wapi.

La tatu ni mahakama mbili. Mshahara wadaiwa katika Mahakama ya Ajira na Kazi. Kufilisika kwa kampuni kwasikizwa katika Mahakama Kuu. Mahakama ikiamuru kampuni ifilisiwe, au ikiwa chini ya msimamizi, mtu hawezi kuendelea na kesi juu yake bila ruhusa. Tumewaona wenzetu wa kampuni moja ya malori, waliokuwa na hukumu mkononi, hukumu halali yenye muhuri, wakizungushwa ofisi hadi ofisi. Ofisa wa Leba aliwaambia waende kwa mfilisi. Mfilisi aliwaambia waende mahakamani. Mahakamani wakaulizwa ruhusa iko wapi. Hakuna mtu hata mmoja aliyewaambia tangu mwanzo kwamba walitakiwa kujaza hati ya kuthibitisha deni na kuileta kwa mfilisi. Wale maofisa hawakuwa watu wabaya. Hawakuwa wamefundishwa.

La nne ndilo linalotuuma zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007 ina sehemu nzima juu ya mwajiri aliyefilisika. Yasema kwamba mfanyi kazi aliyepoteza kazi kwa sababu hiyo aweza kumwandikia Waziri, na Waziri akiridhika atamlipa kutoka Mfuko wa NSSF baadhi ya madeni yake, pamoja na mishahara isiyozidi miezi sita, kwa kipimo kilichowekwa. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 40, yasema kwamba utaratibu wa kawaida wa kupunguza watu kazini hautumiki mtu anapoachishwa kwa sababu ya kufilisika, bali hutumika sehemu hiyo nyingine. Ndugu, tuulizane: ni wangapi kati yetu tumepata kuisikia sehemu hiyo? Ni maofisa wangapi wa Serikali wamepata kumpa mtu karatasi yake aijaze? Mlango umefungwa, na hata bawabu hajui kwamba ni mlango.

KWA WALE WASEMAO "TUKODI MAWAKILI"

Twawajibu kwa hesabu, wala si kwa hasira. Tumekwisha kusema kwamba gharama za kufilisi hulipwa kwanza, kabla ya mshahara. Basi kila shilingi anayolipwa wakili wa kukodi katika kazi hiyo yatoka katika sufuria ile ile, tena yatoka mbele yetu. Kesi ikivutwa miaka mitano, yeye hula miaka mitano. Mlinzi wa usiku hangoji miaka mitano, watoto wake wako shuleni leo. Wakili wa Serikali mshahara wake ni wa mwezi, kesi iwe fupi au ndefu.

Tena wakili wa kukodi leo asimama kwa Serikali, kesho asimama kwa banki. Hatusemi kwamba ni mwizi. Twasema kwamba mtu hawezi kuvuta treni moja pande mbili.

Wengine wasema, "Tukiwasomesha watachukuliwa na mabanki yenye mshahara mnono." Huenda wengine wataondoka. Lakini je, reli iliacha kufundisha madereva kwa sababu dereva aweza kuondoka? Mtu asomeshwe, atie sahihi kutumika miaka fulani, na alipwe mshahara wa kumweka. Dawa ya mtu kuondoka ni kumtunza, si kumwacha mjinga.

TWATAKA MAFUNZO, HATUTAKI SEMINA

Hapa pia tuwe macho. Twajua desturi ya siku hizi. Watu hukusanywa katika hoteli ya Mombasa siku tatu, wakapewa kalamu na mkoba, wakapigwa picha, wakatia mkononi posho, na Jumatatu wakarudi ofisini kama walivyokwenda. Hayo si mafunzo. Fundi wa injini hafundishwi kwa chai na keki. Hukaa chini ya fundi mzee, hushika spana, hukosa, huonywa, hujaribu tena.

Kwa hiyo sisi twataka mambo haya:

1. Mawakili wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na wale walio chini ya Mpokezi Rasmi, wafundishwe sheria ya 2015 kwa miezi, wakiwa kazini, pamoja na watu wa hesabu, mpaka waweze kusoma daftari ya kampuni na kuona mali iliyotoroshwa.

2. Mafunzo yao yawe na fungu la mishahara, malimbikizo, SACCO na Mfuko wa NSSF. Wasifundishwe haki ya mwenye rehani tu. Sheria ina kurasa za banki na kurasa za mfanyi kazi, na zote zisomwe.

3. Maofisa wa Leba wa kila kaunti wafundishwe pamoja nao, kwa sababu mfanyi kazi hamjui Mpokezi Rasmi, lakini ofisi ya Leba aijua njia yake.

4. Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi au mfilisi, wakili wa Serikali afike mahali pa kazi, asimame mbele ya watu, aeleze kwa Kiswahili haki zao na tarehe ya mwisho ya kuleta madai. Katiba ya 2010 yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Tangazo la Kiingereza katika gazeti la Nairobi halimfikii mkata miwa.

5. Chama cha wafanyi kazi kialikwe katika mafunzo hayo, kifundishe na kifundishwe.

6. Serikali iukubali Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 173 wa mwaka 1992, unaolinda madai ya wafanyi kazi mwajiri anapofilisika. Zambia na Botswana zimekwisha kuukubali, nazo si nchi tajiri kama Uswisi.

NA SISI TUFANYE YETU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mmoja na aweke barua yake ya kuandikwa kazi, karatasi zake za mshahara, na hesabu ya SACCO, nyumbani, si katika kabati la ofisi ambalo siku moja litatiwa kufuli. Mshahara ukichelewa mwezi wa pili, ama mkiona makato yenu hayafiki yanakopelekwa, leteni habari kwa katibu wa tawi mara moja. Msingoje mpaka mashine zipakiwe usiku. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Na mkutano wa wadai ukiitwa, nendeni. Mfanyi kazi anayedai ni mdai kama banki ilivyo mdai. Banki hutuma watu wake na makaratasi. Sisi tukikaa nyumbani tukilaumu, kura itapigwa bila sisi, na kila kitu kitakuwa halali.

Hatuombi sadaka. Miezi ile minne tuliifanyia kazi, likizo ile tuliipata kwa mwaka mzima, fedha zile za SACCO zilikatwa katika jasho letu wenyewe. Bunge lilikwisha kuandika kwamba ni zetu. Limebaki jambo moja: Serikali iweke mtu anayejua kusoma kilichoandikwa, na kukisema kwa sauti mbele ya wenye rehani.

Someni karatasi hii, kisha mpeni jirani. Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Sisi wa Karakana.