Kodi ya Pango Tianzifang na Jirani wa Ghorofani

Wapenzi wa sanaa wanaoijua Shanghai wana lalamiko lao la siku zote kuhusu Tianzifang, mtaa wa vichochoro ulio kando ya Barabara ya Taikang: palikuwa pa wachoraji, sasa pamegeuka soko la vikorokoro. Si uongo. Ukitoka kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Dapuqiao na kuvuka barabara, unaingia kwenye vichochoro ambamo watu wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Huku skafu za hariri, huku makopo ya krimu yenye picha za mabibi wa Shanghai ya zamani, na mbele kidogo tofu iliyovundikwa inakaangwa, harufu yake ikikufuata hadi kona ya pili. Juu ya vichwa vya watalii, nguo za wenyeji zimeanikwa kwenye fito za mianzi. Bidhaa ulizoziona duka la kwanza utazikuta tena la tano. Wafanyabiashara wetu wanaofungasha mzigo Yiwu, mji wa masoko ya jumla, wangezitambua nyingi kwa kuzitupia jicho tu, na bei ya jumla wangeikisia.

Pamoja na hayo, naona lalamiko hilo limekosea shabaha.

Nyumba hizi za matofali, zenye fremu za mawe mlangoni, zilijengwa enzi eneo hilo likiwa chini ya Wafaransa. Baada ya mapinduzi ya 1949 ziligawanywa chumba kwa chumba: familia moja chini, nyingine juu, jiko la pamoja, na kwa wengi ndoo ya haja ya kumwaga kila asubuhi. Mwaka 1998 mchoraji mashuhuri Chen Yifei alifungua studio katika karakana iliyoachwa wazi pale pale, wengine wakamfuata. Kulikuwa pia na mpango wa kuubomoa mtaa na kujenga majengo mapya. Kuanzia 2004 wakazi wakaanza kuwapangisha wenye maduka vyumba vyao, ingawa kanuni zilikuwa haziruhusu makazi kugeuzwa biashara. Ruhusa rasmi ya serikali ya wilaya ilikuja 2008, na ubomoaji ukazimwa.

Sasa tazama kodi ya pango ilikwenda wapi. Xintiandi, ambayo haiko mbali na hapo, ina nyumba za aina hiyohiyo. Kule kampuni ya Shui On ya Hong Kong iliwahamisha wakazi, ikazijenga upya kwa ndani, na mwaka 2001 ikafungua mikahawa na maduka ya kifahari. Panapendeza, sikatai, lakini kodi yote ni ya kampuni. Beijing nako, wasanii waliokodi majengo ya viwanda vya 798, yaliyosanifiwa na Wajerumani Mashariki miaka ya 1950, waliupa mtaa jina. Jina lilipokua kodi ikapanda, na aliyevuna ni kampuni ya serikali inayomiliki majengo.

Tianzifang ilikuwa tofauti. Hela ilimfikia mstaafu mwenye chumba kimoja. Alikipangisha, akahamia nyumba yenye choo cha ndani kwingineko, na bado akabakiwa na chochote. Ukiniambia nichague kati ya mtaa wa picha nzuri unaomlipa tajiri mmoja na mtaa wa vikorokoro unaowalipa wastaafu, sitafikiri mara mbili. Msanii aliyesukumwa nje na kodi namwonea huruma, ila yeye alikuwa mpangaji tangu mwanzo, na karakana tupu zilikuwapo kwingine: M50, kiwanda cha zamani cha nguo kando ya Mto Suzhou, kilishaanza kuwapokea wenzake.

Aliyekosa pa kwenda ni jirani wa ghorofani. Wateja wanapenda duka la chini, hivyo chumba cha chini kinalipa kuliko cha juu. Wa chini akishapokea kodi na kuhama, wa juu anabaki na muziki wa baa usiku, moshi wa jikoni dirishani, na wageni wanaopiga picha chupi zake kwenye fito. Ugomvi wa namna hii umekuwa mkubwa Tianzifang kwa miaka, na chanzo chake ni jinsi ruhusa ilivyotolewa: ilimtazama mwenye chumba mmoja mmoja, wakati ngazi, ukuta na hewa ni vya nyumba nzima.

Hapa ndipo wakubwa wa wilaya walipaswa kubanwa, kuliko kuulizwa wachoraji wamekwenda wapi. Sehemu ya kila kodi ya chumba cha chini ingeweza kuingia mfuko wa nyumba na kugawiwa wote wanaoishi chini ya paa hilo. Wapo watakaosema wenye vyumba vya chini wangekataa. Huenda, lakini kabla ya 2008 walikuwa wakipangisha kinyume cha kanuni, kwa hiyo wilaya ilikuwa na nguvu ya kuweka masharti. Na mkahawa usio na njia ya kupitisha moshi wake bila kugusa dirisha la mtu haukustahili leseni, hata kama chumba kingebaki bila mpangaji.